Naombeni ushauri: deraya ya sponji inanipanda kidevuni nikikaa, mabega yanagonga kofia

Mchonga_Sponji (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Natengeneza deraya ya askari wa anga za mbali, nimeibuni mwenyewe kuanzia kofia hadi viatu. Kifua, mgongo, mabega, vigasha, mapaja na miundi ni sponji ya EVA (ile ngumu ya mikeka ya mazoezi) ya milimita 10, mapambo ya juu ni ya milimita 5 na 2. Kofia nimeichapa kwa printa ya 3D, plastiki ya PLA. Pateni za mwili nimezitoa kwenye modeli ya 3D iliyochorwa kwa mtu wa sentimita 180. Mimi nina 165, kwa hiyo niliipunguza yote hadi asilimia 92 kabla ya kuikunjua kwenye Pepakura, programu inayogeuza modeli ya 3D kuwa pateni bapa za karatasi.

Vipande vikiwa mezani vinapendeza, maungio yamekaa vizuri. Shida inaanza nikivaa. Nikikaa kwenye kiti, bamba la kifua linapanda hadi linanigusa kidevu. Nikinyanyua mikono, mabega yanagonga kofia na kuizungusha, sioni mbele. Mapaja yananibana sehemu ya juu, halafu nikitembea yanazunguka mpaka mapambo ya mbele yanaishia upande wa ndani. Kioo cha kofia kinajaa mvuke ndani ya dakika chache. Na rangi ya fedha niliyoijaribishia kwenye kigasha imepasuka pale panapokunjika.

Nataka kuivaa siku nzima kwenye mkusanyiko wa wapenzi wa bunilizi za kisayansi: nitembee, nikae, nipande ngazi. Kifua bado hakijapakwa rangi. Nianzie wapi, na kipi kinaokoleka bila kukata upya? Kama hakuna njia, kukata upya sikatai.

Kigasha_Kimoja

Naweka kambi hapa. Mapaja kuzunguka ni tatizo langu pia. Ngoja waje mafundi.

FundiDeraya

Mkuu, hongera kwa hatua hiyo. Kwanza weka rangi pembeni kabisa, usiguse brashi mpaka uweze kukaa, kuinama na kufunga kamba za viatu ukiwa umevaa kila kitu.

Chanzo cha karibu shida zako zote ni ile asilimia 92. Urefu wako ni asilimia 92 ya yule wa kwenye modeli, sawa, lakini paja lako, kifua chako na upana wa mabega yako havikupungua kwa kiwango hicho hicho. Watu wawili wa sentimita 165 wanaweza kupishana sana unene wa paja. Kila kipande kinataka kipimo chake: urefu wake peke yake, mzunguko wake peke yake. Kigasha pima chini kidogo ya kiwiko, pima na kifundo cha mkono. Paja pima juu kabisa na juu ya goti. Mwili upime ukiwa umevaa nguo ya ndani utakayovalia deraya, na umekaa pia, kwa sababu paja hutanuka ukikaa.

La pili ni unene wa sponji, na hili wengi hawalihesabu. Ukikata ukanda wa sponji ya milimita 10 wenye urefu wa sentimita 60 ukaukunja kuwa duara, upande wa ndani hautakuwa 60 tena, utabaki na karibu 57. Sponji inajibana ndani na kuvutika nje, na unachopoteza ndani ni takriban unene mara 3.14. Kwa milimita 5 unapoteza sentimita moja na nusu. Modeli ya karatasi haina unene, ndiyo maana pateni ya karatasi inaweza kukutosha na sponji ikakubana. Ongeza hizo sentimita 3, halafu ongeza nyingine 2 au 3 za nafasi ya kupumua.

Mapaja yanaokoleka. Chana kila paja kwa nyuma, kuanzia juu hadi chini kwenye mshono usioonekana, pachika ukanda wa sponji wa kuziba pengo, au acha wazi uweke lastiki pana. Mimi ningeacha wazi. Nyuma ya paja hakuna anayeangalia, na ukikaa ndipo nyama inapotaka kwenda.

Kifua sasa. Usilihukumu bamba hilo, tatizo ni mahali linapoishia. Mtu akikaa, mbele ya kiwiliwili hufupika: mbavu zinashuka kuelekea nyonga. Bamba refu lililoshuka hadi kitovuni halina pa kwenda ila juu. Mafundi wa deraya za chuma za Ulaya katika karne ya 15 walilijua hili vizuri. Bamba lao la kifua liliishia kwenye kiuno chembamba, pale mwili unapokunjika, na kuanzia hapo kushuka chini walitumia mabamba membamba yanayopishana. Deraya kamili ya vita ilikuwa na kilo kati ya 15 na 25, na mtu alipanda farasi nayo. Uzito haukumzuia kwa sababu viungo vilikuwa vimeachiwa nafasi.

Fanya hivi: vaa kifua, kaa kwenye kiti kigumu, mtu akuchoree mstari pale mbavu za mwisho zilipo. Kata hapo. Kile kipande cha chini usikitupe, ndilo bamba lako la tumbo. Kipitishe chini ya kifua kwa sentimita 4 hivi, ukining'inize kwa lastiki mbili zilizogundishwa ndani. Ukikaa kinateleza na kuingia chini ya kifua, ukisimama kinashuka. Ukingo uliokatwa uzibe kwa ukanda wa milimita 2, utaonekana kama ulikuwa kwenye mchoro tangu mwanzo.

Na kabla hujakata, hakiki upana wa kifua. Simama, mikono ichezeshe mbele, angalia pale mkunjo wa kwapa unapoanza kila upande. Bamba lazima liishie ndani ya mikunjo hiyo miwili. Kipimo changu ni kujikumbatia: kila kiganja kikifika bega la upande wa pili bila kifua kupinda, imekaa.

Mshonaji_wa_Mapaja

Nakazia alichosema FundiDeraya, niongeze upande wa mikanda, maana mimi nimetokea kwenye cherehani.

Ndugu mleta uzi, hujasema vipande vyako vinashikwa na nini. Nahisi ni velkro iliyogundishwa kwenye sponji, pamoja na msuguano. Hapo hakuna kitakachotulia. Deraya haivaliwi juu ya ngozi, inaning'inizwa kwenye nguo iliyoandaliwa kuibeba. Tafuta nguo ya ndani inayobana mwili, nyeusi, ya kitambaa kinachonyonya jasho. Juu yake vaa mkanda mpana wa kiunoni, sentimita 5 au zaidi, wenye mikanda miwili ya kupita mabegani kama ya suruali. Huo ndio uti wa mgongo wa vazi, hauonekani, na ndio unaobeba uzito wa mapaja.

Kila paja lifunge kwenye mkanda huo kwa sehemu MBILI, moja mbele kidogo ya mshono wa suruali na nyingine nyuma yake. Sehemu moja ikiwa peke yake inageuka ekseli, paja litazunguka tu. Tumia mkanda wa begi wa milimita 25 na bizimu ya kubofya, ili uweze kwenda msalani bila kuvua nusu ya vazi. Kisha weka lastiki ndani ya paja, karibu na goti, ikuzunguke mguu. Ukigundisha vipande viwili vya sponji laini ndani, upande wa nje wa paja, vinajaza nafasi tupu na kulizuia kucheza.

Upande wa ndani wa paja, juu, kata kwa mviringo kuelekea kinena. Ukiacha pembe kali pale, saa mbili za kutembea zinakutoa ngozi.

Miundi haihitaji kuning'inizwa, iache ikae juu ya kiatu. Weka kizuio kidogo cha sponji ndani kinachogusa ulimi wa kiatu ili isishuke.

Mkanda usigundishwe tu kwenye sponji. Gundisha, kisha juu ya ncha yake gundisha kiraka cha sponji ya milimita 2 au kitambaa kigumu, kiwe kikubwa mara tatu ya ncha. Nguvu ya kuvuta inasambaa. Pale penye kuvutwa sana piga ribiti yenye washa (kile kipete bapa cha chuma) pande zote mbili.

Mwaka 1939, kwenye mkutano wa kwanza wa dunia wa bunilizi za kisayansi kule New York, Myrtle Douglas alishona mavazi mawili ya watu wa siku zijazo, moja akavaa yeye na jingine Forrest Ackerman. Mila hii ya kuvaa ilianzia kwenye kitambaa, na nguo ya ndani bado ndiyo inayoamua utadumu saa ngapi ndani ya vazi.

Mchonga_Sponji

Dada umenisoma sawasawa, ni velkro tupu. Nimeelewa suala la mkanda wa ndani. Swali: mabega nayo nayaning'inize kwenye mkanda huo huo wa mabegani, au kwenye kifua?

Tabaka_kwa_Tabaka

Wakati unasubiri jibu la mabega, mimi nizungumzie kofia, ndiyo eneo langu.

PLA hulainika karibu na nyuzi joto 60. Usiiache kofia ndani ya gari lililofungwa juani, utaikuta imelala upande. Kama utachapa tena, plastiki ya PETG inavumilia hadi karibu 80. Kwa iliyopo, iweke kivulini na uipake rangi ya mwangaza kama ubunifu wako unaruhusu, rangi nyeusi hunyonya joto.

Mvuke kwenye kioo ni hewa yako ya moto yenye unyevu kukutana na plastiki ya baridi. Feni moja inayopuliza usoni inasaidia kidogo, ila kinachoponya ni njia ya hewa kutoka. Weka feni mbili ndogo za milimita 40: moja inaingiza hewa juu ya paji la uso na kuishusha kwenye kioo, nyingine inatoa hewa mdomoni kupitia matundu ya kidevu. Ndani ya kofia, kati ya pua na kioo, gundisha kizuizi cha sponji laini kinachogusa mashavu ili pumzi ishuke chini. Kioo kisugulie kwa tone la sabuni ya vyombo, usisuuze, futa kwa kitambaa laini mpaka kiangaze.

Ndani usijaze sponji pande zote. Weka mito minne au mitano: paji la uso, kisogo, pembeni na utosini. Kati yake hewa ipite. Kofia ikizunguka kichwani ina maana mto wa kisogo ni mwembamba, hiyo ni sehemu ya tatizo lako la mabega.

Kuhusu kifua, mimi ningekichapa chote upya kwa printa. Kinakuwa kigumu, kingo zinanyooka, rangi haipasuki.

FundiDeraya

Mkuu Tabaka, kwenye kofia nimejifunza, kwenye kifua tunatofautiana. Printa nyingi za nyumbani zina meza ya milimita 220 kwa 220, kwa hiyo kifua ni vipande vingi vya kuunganisha, kutia puti na kupiga msasa. Halafu mtu anayekaa, anayepita kwenye mlango uliojaa watu, anayekumbatiwa kwa ajili ya picha, anahitaji kiwiliwili kinachokubali kubonyea na kurudi. Plastiki ngumu iweke kwenye kofia, vitufe, viunga vya silaha na mapambo yenye pembe kali. Kiwiliwili mwachie sponji.

Mleta uzi, mabega: YASITEGEMEE MKANDA WA NDANI. Yakishikwa na mkanda wa ndani yanabanwa kati ya kifua na mwili. Bega liwe na uhuru wa kuelea. Mkanda mmoja wa milimita 25 utoke ndani ya kilele cha bega hadi kwenye mkanda wa bega wa bamba la kifua, karibu na shingo, na uwe na urefu unaoliacha bega lishuke kwenye msuli wa mkono badala ya kukaa juu ya mfupa. Lastiki ya pili izunguke mkono wa juu. Ukinyanyua mkono, ile lastiki inalivuta bega liende na mkono, kilele kinainama kuelekea nje badala ya kupanda sikioni.

Kama bado linagusa kofia, tatizo ni umbo. Kwa wengi bega ni pana mno kuelekea shingoni. Punguza ukingo wa ndani, sentimita moja moja, jaribu, punguza tena. Bega likigusa kofia ukiwa umenyoosha mkono juu kabisa, hilo nalivumilia. Likigusa kofia wakati mkono uko usawa wa macho tu, bado kata.

Mapafu_Kwanza

Naona kila mtu anataja gundi na hakuna aliyetaja hewa. Gundi ya viatu, ile ya kupaka pande zote mbili na kusubiri, ina vimumunyisho kama tolueni na heksani. Barakoa ya kitambaa au ya vumbi haizuii mvuke huo hata kidogo. Unahitaji barakoa yenye vichujio vya mkaa amilifu, na ufanyie kazi nje au dirisha na mlango vikiwa wazi. Barakoa ya vumbi ina kazi yake pia, wakati wa kupiga msasa sponji na puti.

La hatari zaidi ni moto. Mvuke wa gundi hiyo unashika. Bunduki ya joto iwe imezimwa na iko mbali mpaka gundi ikauke kabisa. Najua mnaharakisha kukausha kwa joto, acheni.

Na kwa kuwa utafungua maungio na kuyagundisha upya: sugua gundi ya zamani itoke, paka tabaka jembamba pande zote, subiri mpaka ukigusa kwa kidole haivuti nyuzi, ndipo ubane. Zikigusana mapema, ungio litaachia siku ukiwa umevaa.

Kigasha_Kimoja

Kisu nacho. Wembe butu unararua sponji badala ya kuikata, ungio linakuwa na mashimo. Mimi navunja ncha mpya kila nikisikia kisu kinakwaruza. Na kwa pembe za nyuzi 45, kata kwa mkato mmoja mrefu, usisitesite katikati.

Mpaka_Rangi

Kupasuka kwa rangi kuna sababu moja kubwa: kitu kigumu juu ya kitu laini. Rangi za kupuliza za magari zimetengenezwa kwa bati lisilokunjika.

Utaratibu wangu kwa sponji: kwanza pitisha bunduki ya joto juu ya uso wote, isimame mahali pamoja kamwe, mpaka uone uso umebadilika kutoka ukungu kuwa na mng'ao hafifu. Hapo vitundu vimefunga. Futa vumbi. Kisha dawa ya mpira (ya kupuliza, inayokauka kuwa utando unaonyumbulika), tabaka nyembamba kadhaa, kila moja ikauke kabla ya inayofuata. Tabaka moja nene litachuruzika na kupasuka. Baada ya hapo rangi ya akriliki, na mwisho varnishi inayonyumbulika.

Kila mchanganyiko mpya ujaribu kwenye kipande cha sponji chakavu. Kiache siku moja, kisha kikunje mpaka kingo zikutane. Kikipasuka hapo, kitapasuka kiwikoni. Kigasha chako kisugue kwa msasa laini pale palipopasuka, rangi yote iliyoinuka itoke, uanze na dawa ya mpira.

Kwa mwonekano wa chuma kilichopigana vita, paka nyeusi kwanza, kisha fedha kwa brashi iliyokaribia kukauka, kwenye kingo tu. Pale mkono unapogusa sana, kama ukingo wa kigasha na pembe za kifua, ongeza. Katikati ya bamba, mahali ambapo hakuna kinachosugua, acha. Jicho linaamini uchakavu uliopo mahali pa kuchakaa.

Mchonga_Sponji

Wakuu, nimerudi na mrejesho.

Nimekata kifua kwenye mbavu na kuning'iniza bamba la tumbo kwa lastiki. Nakaa, nainama, nafunga kamba za viatu mwenyewe, kidevu kipo huru kabisa. Mapaja nimeyachana nyuma, yamefungwa kwenye mkanda wa ndani sehemu mbili mbili kama dada alivyoelekeza. Nimepanda na kushuka ngazi, hayajazunguka. Bega la kulia linaelea vizuri. La kushoto bado linagusa kofia nikinyanyua mkono usawa wa macho, naendelea kulipunguza. Mto wa kisogo nimeongeza na kofia imetulia.

Kilichonishinda sasa ni umeme. Nimeweka feni mbili za volti 5 na taa chache za LED kwenye kifua, zote kwenye pawabenki. Taa zikiwaka peke yake, pawabenki inajizima baada ya muda mfupi. Nikiwasha na feni, haijizimi. Ni pawabenki mbovu?

Volti5

Si mbovu mkuu. Pawabenki nyingi zimetengenezwa kuchaji simu: zikiona umeme unaovutwa ni mdogo sana, zinadhani simu imejaa na zinakata. Taa chache za LED zinavuta kidogo mno, feni ndizo zinazoiamsha. Ukitaka taa pekee, tafuta pawabenki yenye hali ya umeme mdogo, au tumia kasha la betri za kawaida kwa ajili ya taa na uiachie pawabenki feni. Mimi ningetenganisha. Taa zikileta hitilafu, bado unapumua.

Hakikisha kila LED ina kizuizi chake (rezista, kile kidude cha kupunguza umeme). LED nyeupe inataka takriban volti 3 na miliampea 20, kwa hiyo kwenye volti 5 unabakiwa na volti 2 za kupunguza: 2 gawanya kwa 0.02 ni omu 100. Kama ni ule utepe wa LED zinazobadili rangi moja moja, aina ya WS2812B, usiweke vizuizi hivyo, ila hesabu miliampea 60 kwa kila taa ikiwa nyeupe kamili. Taa 30 ni ampea 1.8, ujue pawabenki yako inatoa ngapi.

Nyaya za kutoka kofiani kwenda kifuani ziwe na kiunganishi kinachochomoka chenyewe kikivutwa, kiweke nyuma ya shingo. Pawabenki ikae kwenye mfuko wa nguo ya ndani, kiunoni, mahali unapoifikia bila kuvua kitu, usiizungushie sponji maana inahitaji kupoa. Swichi ya feni iweke ndani ya ukingo wa kigasha cha kushoto, uiguse kwa vidole vya kulia hata ukiwa na glavu.

Mshonaji_wa_Mapaja

Hongera sana mdogo wangu, umefanya kazi.

Lile bega la kushoto, kabla hujapunguza tena, pima urefu wa mikanda yote miwili ya mabega. Watu wengi bega moja liko chini kuliko jingine, na mikanda ikilingana bamba la kifua linalala upande. Simama mbele ya kioo na kifua peke yake bila mabega, angalia kama ukosi uko sawa pande zote. Kama la kushoto limepanda, ongeza urefu wa mkanda huo kwanza, halafu rudisha bega ujaribu. Ukikata sponji huirudishi, mkanda unarekebishika.